Visima vya Safari: Ras Kitau na Elimu ya Kusafiri Penye Vituo Vichache

Ras Kitau ni rasi ya mchanga na matumbawe iliyo kwenye pembe ya kusini-magharibi ya kisiwa cha Manda, mkabala wa Shela, na kati ya sehemu hizo mbili ndipo ulipo mlango wa bahari unaopitiwa na vyombo vinavyotoka bahari kuu kuelekea bandari ya Lamu. Mahali hapa hapana mlima, wala hapana barabara kuu, na mtu anayechunguza safari za magari ya umeme katika nchi za milima zenye vituo vichache vya kuchaji hangetazamia kuanzia hapa. Hata hivyo suala linalomkabili dereva wa gari hilo, yaani namna ya kuvuka masafa magumu kwa akiba ya nguvu yenye kikomo huku mahali pa kuijaza upya pakiwa pachache na mbalimbali, ndilo suala lililowakabili watu wa funguvisiwa la Lamu kwa zaidi ya miaka elfu moja, wakalijengea elimu, desturi na kanuni. Historia ya mlango wa Ras Kitau inaonyesha kwamba safari za namna hiyo ziliwezekana kwa sababu mbili zilizokwenda pamoja: msafiri aliijua njia yake kiasi cha kuifanya imsaidie kubeba mzigo, na kisima cha njiani kilihesabiwa kuwa cha kila apitaye. Sababu ya pili ndiyo inayosahauliwa upesi zaidi, nayo ndiyo iliyoamua mara nyingi njia ipi idumu na ipi ife.

Jambo la kwanza la kulitambua kuhusu Manda ni kwamba kisiwa hiki hakina mto, na maji yake ya chini ya ardhi mahali pengi ni ya chumvi. Upungufu huo haukuwazuia watu kukaa. Mji wa kale wa Manda, uliokuwa upande wa kaskazini-magharibi wa kisiwa na ambao mwanaakiolojia Neville Chittick aliuchimbua mwaka 1966 na tena mwaka 1978, ulikuwapo tangu karne ya 9 ukifanya biashara na Ghuba ya Uajemi, na ukingo wake wa bahari ulizuiwa kwa kuta za vipande vya matumbawe vikubwa mno, ambavyo baadhi yake uzito wake hukaribia tani 1. Takwa, mji wa baadaye ulio upande wa kusini wa kisiwa hicho hicho, ulistawi kati ya karne ya 15 na ya 17, ukawa na msikiti mkuu, ukuta wa kuuzunguka, nyumba za mawe, na kaburi la mnara ambalo maandishi yake ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1680 ya Miladia. Muda si mrefu baada ya kaburi hilo kujengwa mji ulihamwa. Sababu zinazotajwa zaidi ni mbili, uadui na jirani zake wa kisiwa cha Pate na visima kugeuka chumvi, na hakuna haja ya kuchagua moja kati ya hizo, kwa kuwa mji uliozungukwa na maadui huweza kustahimili kwa muda endapo una maji ya kunywa, na mji wenye maji ya chumvi huweza kuletewa maji kutoka ng'ambo endapo una amani na wenye visima.

Watu wa Takwa wanakumbukwa kuwa miongoni mwa walioanzisha Shela, ng'ambo ya mlango, na hadi nyakati za karibuni watu wa Shela wamedumu na desturi ya kuvuka mara mbili kwa mwaka kwenda kwenye kaburi lile la mnara kuomba mvua. Desturi hii inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu jamii inayosemekana kuondoka kwa kukosa maji haikuuacha mji wake kama gofu tu, bali iliufanya mahali pa kuombea kile kile kilichokosekana, na hivyo kumbukumbu ya kituo kilichokauka ikawa sehemu ya ibada ya watu waliokalia kituo kilicho hai.

Wale waliobaki katika sehemu kavu za visiwa, Manda na Pate na kuendelea hadi pwani ya Wabajuni, walitegemea jabia. Jabia ni uwanja ulioinamishwa kidogo na kupigwa chokaa, unaokusanya maji ya mvua na kuyaelekeza katika birika lililochimbwa chini yake. Ni ghala la maji ambalo kipimo chake kinajulikana na ambalo halijazwi na juhudi ya mtu bali na majira, kwa hiyo wenye jabia huhesabu siku zilizobaki hadi masika na kugawa maji kwa hesabu hiyo. Jabia lina tabia nyingine, ambayo itarejea baadaye katika makala haya: likiwa limejaa haliwezi kupokea mvua inayofuata, na maji yanayonyesha juu yake humwagika yakapotea.

Shela kwa upande wake ilibarikiwa na vilima vya mchanga. Vilima hivi, vinavyoonekana kwa mbali na mabaharia wanaokaribia Ras Kitau, ndivyo vinavyofanana zaidi na milima katika nchi hii tambarare, na kama milima ya bara, kazi yake kubwa ni kuhifadhi maji. Mvua inayonyesha juu ya mchanga haitiririki baharini bali huzama upesi, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko maji ya chumvi, hukaa juu yake kama mafuta yanavyokaa juu ya maji, yakifanya tabaka linaloelea chini ya vilima. Wataalamu wa maji ya ardhini wameonyesha kwamba katika hali kama hiyo, kwa kila mita 1 ambayo maji matamu yamepanda juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Kinyume chake ndicho cha hatari, maana kisima kikichotwa kupita kiasi hata maji yashuke kidogo tu kwa juu, chumvi hupanda kwa wingi kutoka chini, na mchotaji asiyeijua hesabu hiyo huweza kukiharibu kisima akiamini kuwa bado kina akiba. Visima vya Shela vimeunywesha mji wa Lamu kwa vizazi vingi na ndivyo tegemeo la maji ya mji huo, na kwa hiyo ujenzi wa nyumba juu ya vilima hivyo ni jambo ambalo wakazi wamelipinga mara kwa mara, wakiwa na haki kamili ya kufanya hivyo.

Umiliki wa visima ulikuwa na kanuni zake. Katika miji ya Waswahili kisima kiliweza kuwa cha nyumba, cha msikiti au cha mtaa, na mara nyingi kilichimbwa na mtu tajiri akakifanya wakfu, yaani mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu ambayo haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi, bali manufaa yake hubaki kwa wale aliowataja mtoaji. Juu ya hayo sheria ya Kiislamu humpa mwenye kiu, akiwa mtu au mnyama, haki ya kunywa hata katika maji yenye mwenyewe. Kwa msafiri maana yake ilikuwa kubwa. Nahodha aliyetoka Ghuba, mvuvi wa Kizingitini na punda aliyebeba mawe hawakuhitaji kujuana na mwenye kisima ili wapate maji yake, na kwa sababu hiyo njia ya bahari iliweza kupangwa toka kisima hadi kisima bila hofu kwamba mlango utafungwa mbele ya mgeni.

Nguvu yenyewe ya kuendesha chombo ilitoka kwenye upepo na maji, na hapa ndipo elimu ya watu wa Lamu ilipokuwa pana zaidi. Kaskazi, upepo wa msimu unaovuma kutoka kaskazini-mashariki tangu karibu na Desemba hadi Machi, ulileta vyombo vya Uarabuni na Ghuba, na kusi, unaovuma kutoka upande wa kusini tangu Aprili hadi Septemba au zaidi, uliwarudisha kwao wakiwa wamepakia boriti za mikoko, biashara iliyoendelea hadi serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kuuza mikoko nje mwaka 1982. Kati ya misimu hiyo miwili huja kipindi cha pepo zisizo na msimamo, kiitwacho maleleji au tanga mbili, ambapo chombo hakiwezi kuahidi siku ya kufika. Hesabu ya majira haya haikufuata mwezi mwandamo, kwa kuwa mwaka wa mwezi huhamahama katika misimu, bali ilifuata mwaka wa jua unaoanzia Nairuzi, uliogawanywa katika miongo, yaani vipindi vya siku kumi kumi, na kwa miongo hiyo mabaharia na wakulima pia walijua lini bahari inafunguka na lini mtu mwenye busara hukipandisha chombo chake pwani akakikalafati.

Si kila chombo kilikuwa na uwezo sawa wa kuutumia upepo. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari na kuvushwa na tanga la mraba la mkeka, ulikuwa mwepesi na uliweza kustahimili kukwaruza mchanga, lakini haukuweza kwenda joshi, maana yake kuukabili upepo kwa pembe ya karibu, na hivyo mara nyingi ulilazimika kungoja upepo wa nyuma au wa ubavu. Jahazi na mashua zenye tanga la pembe tatu, ambazo ufundi wake umedumu Matondoni na sehemu nyingine za visiwa, ziliweza kupiga bisha, yaani kuupanda upepo kwa kwenda mshazari kushoto na kulia, mithili ya njia inayopanda mlima kwa kona badala ya kunyooka. Mitepe ya mwisho ilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na pamoja nayo ikatoweka subira ya namna fulani, ingawa haikutoweka haja ya kungoja.

Haja hiyo ilitokana na maji kujaa na kupwa. Katika bahari ya Lamu maji hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji huvutwa kwa nguvu zaidi, tofauti kati ya maji makuu na maji makavu hufikia mita 3 hivi. Siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi alasiri na saa kumi usiku, kisha kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi, na mtoto aliyekulia pwani huijua hesabu hiyo kabla hajajua kusoma saa. Mlango wa Ras Kitau una mwamba na fungu la mchanga ambapo mawimbi ya kusi huvunjika kwa kishindo, na chombo kilichofika maji yakiwa yamepwa kilibaki nje kikingoja. Kijito kinachoelekea Takwa kupitia mikokoni hupitika maji yakiwa yamejaa tu. Mkanda, mkondo mwembamba kati ya Manda na bara ambao vyombo vya Pate, Siyu na Faza huupitia kuja Lamu bila kutoka bahari kuu, ndio uliokuwa na sharti kali zaidi: anayeuingia kwa maji yanayojaa husukumwa na mkondo hadi katikati, na akiwa amekadiria vema huupata mkondo unaoanza kupwa umtoe upande wa pili, lakini anayechelewa hukwama topeni kwa muda wa saa sita au zaidi hadi maji yarudi. Kwa watu wa visiwa, Mkanda ulikuwa kile ambacho kwa watu wa bara ni njia ya kuvuka kilele, mahali ambapo safari nzima hupimwa kwa uwezo wa kupita pale tu.

Kwamba hesabu hiyo iliweza kuamua hata mambo ya dola kunathibitishwa na vita vya Shela, vilivyopiganwa mwanzoni mwa karne ya 19, ambavyo wanahistoria wengi huviweka kati ya mwaka 1812 na 1814. Majeshi ya Pate na ya Mazrui wa Mombasa yalishuka Shela kwa majahazi yakikusudia kuitiisha Lamu, ambayo wakati huo iliongozwa na Bwana Zahidi Ngumi, na mapokeo ya Lamu yanaeleza kwamba wavamizi waliposhindwa na kukimbilia pwani walikuta maji yamepwa na vyombo vyao vimelala mchangani, wakauawa wengi mahali ambapo saa chache kabla walikuwa wameshuka kwa urahisi. Waliokuja walikuwa mabaharia wa pwani hii hii, si wageni wasiojua maji, lakini walipanga namna ya kufika bila kupanga namna ya kurudi. Baada ya ushindi Lamu iliomba ulinzi wa Sayyid Said bin Sultan wa Oman, ngome ya mji ikakamilika karibu na mwaka 1821, na mizani ya nguvu katika pwani nzima ikageuka.

Meli za moshi zilipokuja zilileta aina mpya ya utegemezi. Meli ya namna hiyo haikungoja msimu, lakini ilihitaji makaa, na makaa yalihitaji bandari zilizopangwa kwa masafa ambayo bohari la meli lingeweza kuyamudu. Waingereza waliiteka Aden mwaka 1839, na haja ya kituo cha makaa kwenye njia ya India ilikuwa miongoni mwa sababu zao kuu. Baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, kampuni ya British India Steam Navigation ilianza mwaka 1872 kupeleka barua na abiria kati ya Aden na Zanzibar. Tofauti kati ya kituo cha makaa na kisima cha wakfu ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa kuwa kituo cha makaa kilikuwa na bendera na mlinzi, na aliyekimiliki aliweza kuamua ni meli ya taifa gani ivuke bahari na ipi irudi. Reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na ziwani Kisumu mwaka 1901, ilikutana na suala hilo hilo nchi kavu: katika nyika ya Taru isiyo na maji, garimoshi lililazimika kubeba maji ya watu na ya injini yenyewe, na mbele yake kulikuwa na miinuko ya Bonde la Ufa ambapo injini ilikunywa zaidi kadiri ilivyopanda.

Hata gari la petroli, ambalo leo huonekana kama kwamba halikuwahi kukosa kituo, lilianza katika hali ya upungufu. Bertha Benz alipolichukua gari la mumewe mwaka 1888 kutoka Mannheim hadi Pforzheim nchini Ujerumani, safari ya kilomita 100 hivi, alinunua mafuta katika duka la dawa la mji wa Wiesloch kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine, na penye vilima wanawe walisaidia kulisukuma gari. Kutokana na safari hiyo gari liliongezewa gea ya kupandia. Vituo vya mafuta havikulitangulia gari bali vilifuata nyuma yake, kimoja kimoja, na kwa miongo kadhaa dereva wa mbali alisafiri na madumu, kama wenye mashua za mashini wanavyofanya hadi leo katika visiwa vya Lamu.

Mashini zilipofungwa kwenye mashua za Lamu katika karne ya 20, ziliwatoa mabaharia katika utumwa wa upepo lakini hazikuwatoa katika utaratibu wa maji, kwa sababu Mkanda uliopwa haupitiki hata kwa injini yenye nguvu nyingi. Zaidi ya hayo ziliwafunga kwenye bei ya mafuta, gharama ambayo tanga halikuwa nayo. Kisiwani Lamu kwenyewe gari halikupata nafasi. Vichochoro vya mji vilipimwa kwa upana wa punda mwenye shehena, na kwa miaka mingi gari la mkuu wa wilaya lilijulikana kuwa karibu gari pekee la kisiwa. Punda ndiye aliyebeba mchanga, mawe ya matumbawe kutoka Manda Maweni, mbao na maji, na afya yake ilihesabiwa kuwa jambo la umma kiasi kwamba zahanati ya punda ilifunguliwa katika mji huo katika miaka ya 1980. Wasafiri wa barabara kuu kutoka Garsen na Witu huyaacha magari yao Mokowe, upande wa bara, na kuvuka kwa mashua.

Ni katika barabara hiyo ndipo suala la milima na suala la Ras Kitau hukutana. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na gati la Mokowe liko kwenye usawa huo wa bahari wenyewe. Gari la umeme lenye uzito wa tani 2 huhitaji takriban kilowati-saa 5 na nusu kwa kila mita 1,000 linazopanda, mbali na nguvu inayotumika kusukuma upepo na kubingirisha magurudumu. Kilowati-saa ni kipimo cha nishati, sawa na ile inayotumiwa na pasi ya wati 1,000 kwa muda wa saa 1. Kupanda kutoka Mokowe hadi Nairobi kwa hiyo kunadai zaidi ya kilowati-saa 9 kwa ajili ya kimo peke yake, katika betri ambayo kwa magari mengi ya kawaida hubeba kati ya 40 na 80. Nishati hiyo hailiwi yote. Mota ya gari la umeme inapozungushwa na magurudumu kwenye mteremko hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme katika betri, na hivyo dereva anayeshuka hulipwa sehemu kubwa, ingawa si yote, ya kile alichokopwa na mlima wakati wa kupanda.

Hapa ndipo tabia ya jabia inaporejea. Dereva aliyechaji betri hadi ukomo akiwa juu ya mlima, kisha akaanza kuteremka, hapati malipo hayo, kwa kuwa betri iliyojaa haina mahali pa kuyapokea, na gari hulazimika kujizuia kwa breki za msuguano ambazo huugeuza umeme uliotazamiwa kuwa joto la bure. Mwenye kuijua njia huondoka juu akiwa na nafasi katika betri, na huhifadhi akiba yake kwa ajili ya upande wa kupanda, jambo ambalo nahodha wa Mkanda angelielewa bila kufafanuliwa: kuingia na maji yanayojaa, kutoka na maji yanayopwa, na kutotumia nguvu zake mwenyewe mahali ambapo njia iko tayari kumsukuma. Katika nchi ya vituo vichache, umbali kwa kilomita ni nusu tu ya habari, na nusu ya pili ni kimo, mwelekeo, upepo wa mbele, uzito wa mizigo, na kujua ni kituo kipi kitakuwa kinafanya kazi siku hiyo.

Umeme wenyewe uliifikia Lamu kwa njia ndefu. Kwa miaka mingi mji ulitegemea jenereta za dizeli za hapo hapo, na dizeli hiyo ililetwa kutoka mbali, hata waya wa msongo mkubwa kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen ulipouunganisha na gridi ya taifa katikati ya miaka ya 2010. Tangu wakati huo sehemu ya nguvu inayowasha taa za Shela hutoka Olkaria, karibu na Naivasha, ambako tangu mwaka 1981 mvuke wa chini ya ardhi ya Bonde la Ufa huzungusha mitambo ya kufua umeme. Mlima, ambao kwa dereva ni mdai, kwa gridi ni kisima. Mpango wa kujenga kituo cha makaa ya mawe cha megawati 1,050 huko Kwasasi, bara ya Lamu, ulipingwa na wakazi, na mwezi Juni mwaka 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni yake, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hukumu hiyo ni ya umuhimu wa kipekee katika historia inayoelezwa hapa, kwa kuwa iliweka wazi kwamba watu wanaoishi penye kisima cha nguvu wana neno katika namna kinavyochimbwa.

Kwingineko nchini, usafiri wa umeme umeanza kupata umbo. Mabasi ya umeme ya BasiGo yaliingia barabara za Nairobi mwaka 2022, magari ya watalii ya Maasai Mara yalibadilishwa injini na kampuni ya Opibus, ambayo sasa huitwa Roam, na mwaka 2023 mamlaka ya kudhibiti nishati iliidhinisha bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri. Tatizo lililojitokeza mapema ni lile la vituo vya makaa: kwa kawaida betri ya pikipiki ya kampuni moja haibadilishwi katika kituo cha kampuni nyingine, na hivyo mwendeshaji huweza kupita mbele ya kituo kilichojaa betri huku yake ikizima. Umoja wa Ulaya ulilikabili jambo hili mwaka 2014 kwa kuagiza plagi za viwango vya pamoja katika vituo vya umma, na nchini Marekani Tesla, iliyokuwa imejenga mtandao wa vituo kwa ajili ya magari yake peke yake, ilitangaza umbo la plagi yake mwaka 2022 ili makampuni mengine yalitumie. Nchi hizo zilifika huko baada ya mivutano ya miaka mingi. Pwani ya Waswahili ilikuwa imekwisha kuamua, karne nyingi kabla, kwamba chombo cha kuchotea kinaweza kuwa cha mtu binafsi lakini kisima cha njiani hakipaswi kumchagua mnywaji.

Wale watakaoweka vituo vya kuchaji Garsen, Witu, Mokowe na kwenye magati ya Shela na Ras Kitau, kwa ajili ya magari yanayoshuka kutoka bara na mashua zitakazofungwa mota za umeme, wanaombwa wawaite kwanza manahodha wa Mkanda wawaulize vyombo hungoja wapi na saa ngapi, kisha wavijenge mahali hapo, kwa plagi moja, na waviache wazi kwa kila apitaye.